Wateja wa Zipu

Bango lilipandishwa Jumatatu asubuhi, na wakati huo fundi viatu alikuwa amebana sindano mdomoni. Ndiyo sababu hakusema kitu. Angekuwa na mdomo mtupu mtaa mzima ungemsikia, na mambo yote yangeishia palepale, kwenye makelele ya mzee mmoja aliyechanganyikiwa. Sindano ilimwokoa.

Kibanda chake kinatazamana na ukumbi wa mikutano wa serikali ya mji, barabara moja tu katikati, na mtaro. Wafanyakazi wawili waliegemeza ngazi ukutani, wakafunga kamba pembe ya kushoto, wakafunga ya kulia, kisha wakaliachia bango lijikunjue lenyewe kwenda chini. Maandishi makubwa juu. Katikati Mtaalamu wa semina, mikono kaikunja kifuani, meno yote nje. Na ubavuni mwake, akicheka kwa aibu kama alivyocheka siku zote akielekezewa kamera, mke wa fundi.

Marehemu mke wa fundi. Mwaka wa pili huo tangu azikwe.

Kusoma kwa fundi ni kwa kupapasa. Shule aliiacha darasa la tatu, au shule ndiyo iliyomwacha. Lakini herufi kubwa anazimudu akipewa muda, na muda alipewa, maana asubuhi ile hakuna aliyeleta kiatu. ALISHONA KICHOCHORONI. LEO ANA DUKA. KESHO NI WEWE.

Akaitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kola ya shati.

"Kesho ni mimi," akasema. "Haya."

Shemeji yake akavuka barabara na chupa ya chai kwapani. Huyu ni mdogo wa marehemu, anauza chai kwenye baraza la ukumbi ule ule, na ulimi wake haujawahi kupata likizo. Siku hiyo hata yeye alikaa kwanza kwenye benchi la wateja ndipo akasema.

"Umeona, shemeji?"

"Nina macho."

"Wamemweka dada yangu pale kama sabuni."

"Sabuni huisha," fundi akasema. "Huyu wataendelea kumtumia."

*

Enzi za uhai wake mtaa ulimwita Mama Viraka, na jina hakulichukia. Alikuwa akiokota mabaki ya vitambaa chini ya meza za mafundi wengine, vipande vya upana wa kiganja, anaviunga mpaka vinakuwa mkoba. Mkoba wake ukiutazama kwa karibu ni takataka za cherehani saba. Rudi nyuma hatua tatu, ni bustani. Ila mikoba ya namna hiyo haitoki kila siku. Kilichowasha moto jikoni kilikuwa zipu. Wanawake wa mtaa walileta sketi, sare za watoto, mabegi ya shule, zipu zimeng'oka meno, naye anabadilisha. Kazi ya dakika kumi, maongezi ya saa nzima. Aliyefiwa alisemea pale, aliyeachwa alisemea pale. Mkoba ukikamilika, mmoja wao ndiye aliyekwenda kuutangaza kwa bosi wake, kwa shangazi yake, kwa mwalimu wa mwanawe.

Halafu wakubwa wakaamua kwamba watu wa kazi za mikono wanahitaji kuendelezwa. Hawakuuliza. Mkubwa haulizi, anakuletea. Wakamleta Mtaalamu, mtu wa suti, mwenye kipaza sauti cha kubandika shavuni, awafundishe wachoraji, wasusi, wapiga picha, wachongaji na washonaji namna ya kujiuza. Mama Viraka akaenda na mkoba mmoja wa mfano. Mtaalamu akaugeuza mbele, akaugeuza nyuma, akanyamaza kama mtu anayeomba.

"Mama," akasema mbele ya watu, "nani amekuambia wewe ni fundi? Wewe ni msanii. Msanii habadilishi zipu."

Kilemba cha ukoka hicho, na mama wa watu akakivaa. Nani asingekivaa? Miaka hamsini na mbili hakuna aliyewahi kumwita msanii, hata mumewe, ambaye kila mkoba ulipokamilika alisema "mzuri" na kuendelea na kiatu chake.

Mtaalamu akampa dawa yote. Jina la Viraka alitupe, linanuka umaskini. Kichochoro akihame, akapange chumba kwenye jengo la vioo, ghorofa ya pili. Bei aipandishe mara nne. Na kubwa kuliko yote: "Mteja mdogo anakalia kiti cha mteja mkubwa. Msimamishe mdogo, mkubwa apate pa kukaa."

Basi pakawa na duka la vioo. Siku ya kufungua Mtaalamu alikuja na mpiga picha. Fundi alikuwa amesimama kando ya mkewe, shati lake la bluu limepigwa pasi mpaka linakata, akaambiwa, "Mzee, sogea kidogo, unaharibu picha." Akasogea. Hakusogea vya kutosha. Kwenye bango, pembeni kabisa, kiwiko cha bluu kinaonekana bado.

Na mlangoni pakapigiliwa kibao: HATUSHUGHULIKI NA ZIPU.

Wa kwanza kukisoma alikuwa muuza mayai, mteja wake kwa miaka kumi na mitano. Alipanda ngazi na trei kichwani na sare ya bintiye begani. Akakisoma mara mbili.

"Hata ya kwangu?"

"Dada yangu, ni utaratibu mpya," Mama Viraka akasema, akiangalia pembeni. "Mtaalamu amesema."

Muuza mayai akaikunja sare mara nne, akashuka. Alishuka taratibu sana, hakuna yai lililogongana na mwenzake. Jioni habari ilikuwa imefika kila jiko: Mama Viraka amekuwa mtu wa vioo.

Wateja wakubwa walikuwa na njia yao, na njia yenyewe haikupita pale. Miezi saba mama alikaa nyuma ya vioo akijizoeza tabasamu alilofundishwa. Alimpigia Mtaalamu simu, simu ikawa inaita tu. Mwezi wa nane wenye jengo walimtoa. Akarudi nyumbani, cherehani ikarudi kichochoroni, lakini zipu hazikurudi. Aliona haya kuwafuata, nao waliona uchungu kumfuata. Kisha kifua, kisha miguu ikavimba, kisha msimu wa mvua, na hakuvuka nao.

Mazishini walihesabika watu kumi na wanne, na wanne kati yao walikuwa wachimba kaburi. Mwanamke aliyewafunga nguo wanawake wa mtaa mzima alizikwa na watu kumi. Hilo ndilo fundi hakulisamehe. Kifo ni kifo, kina mwenyewe. Lakini zile nafasi tupu kuzunguka kaburi alizitia mtu, na mtu huyo sasa alikuwa juu ya ukuta anacheka.

*

Alianza na ofisi, asije akaambiwa hakufuata utaratibu. Jumatatu ileile alinawa mikono, akavuka barabara, akapanda mpaka kwa Ofisa wa Maendeleo, bwana mwenye meza kubwa na karatasi chache.

"Bwana Ofisa, yule mama wa kwenye bango ni mke wangu."

"Hongera sana, mzee."

"Amekufa."

Ofisa akavua miwani, akaipangusa. "Pole. Hilo hatukuwa nalo kwenye faili."

"Sasa unalo. Naomba mumshushe."

"Mzee wangu, picha ni mali ya mradi. Marehemu alisaini fomu."

"Alisaini akiwa hai."

"Saini haifi, mzee." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja bei ya mkate. "Andika barua, nakala tatu. Kikao kitakaa robo ya mwaka ijayo."

"Basi andikeni hapo chini kwamba amefariki. Watu wajue."

"Hapana, hapana. Hiyo itaharibu ujumbe."

Fundi akasimama pale muda, akiitazama ile meza. Mbao nzuri. Akawaza watu wangapi wamekata mti mzima ili mtu mmoja apate pa kuegemeza viwiko akisema hapana. Kisha akashuka.

*

Mtaalamu alikuja kesho yake kukagua ukumbi. Semina ilikuwa ianze Jumatano, imalizike Ijumaa. Alipokuwa anashuka kwenye gari, soli ya kiatu cha kulia ikajikwaa kwenye ukingo wa mtaro, ikafunguka mbele kama mdomo wa mamba. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona kibanda.

"Fundi, niokoe."

Fundi akampa ndala za wateja na benchi. Kiatu cha kahawia, ngozi halisi, kazi nzuri ya mtu wa mbali. Akakigeuza. Mtaalamu hakumtambua. Macho yalipita juu ya uso wa fundi kama yanavyopita juu ya ukuta.

"Zote mbili zinataka kushonwa upya," fundi akasema. "Gundi pekee itakuaibisha jukwaani."

"Ninavyo vyeusi garini. Nitapitia hivi Ijumaa nikimaliza." Akakaa hivyo hivyo, ana nafasi, na mtu wa kuuza maneno akiwa na nafasi hawezi kuyaweka mfukoni. "Mzee, nikuambie kitu bure? Wewe hapa unajipoteza. Watu wanapita mbele yako mamia kwa mamia, na hakuna anayekukumbuka."

"Nifanyeje, mwanangu?"

"Moja, kaa wanapopita. Hilo tayari unalo. Mbili, toa kitu bure kwanza. Kidogo tu. Ukimpa mtu cha bure, masikio anakuachia. Tatu, usiuze kitu, uza kisa. Watu husahau bei, hawasahau kisa. Na nne," akainua kidole, "rudia. Mtu akisikia jambo mara moja ni upepo. Akilisikia kwa watu saba, ni ukweli."

"Watu saba."

"Saba."

Fundi akaufunga uzi, akaukata kwa meno. "Yule mama wa pale juu unamfahamu?"

Mtaalamu hakugeuka hata kutazama. "Yule? Mwanafunzi wangu namba moja. Nilimtoa kichochoroni mimi."

"Anaendeleaje siku hizi?"

"Anapeta, mzee. Anapeta kweli kweli. Tunaongea mara kwa mara."

Nyundo ilikuwa mkononi mwa fundi. Nyundo ndogo, ya misumari ya kisigino, lakini chuma ni chuma. Akaitazama. Akaiweka chini, taratibu, kwenye kopo lake.

"Nitavishona vizuri," akasema. "Ijumaa utavikuta."

Mtu alipoondoka, shemeji akaja na kikombe. Alikuwa ameona yote kutoka barazani.

"Ungempiga nacho, shemeji. Kiatu chake mwenyewe."

"Halafu kesho bango liandikwe, mzee mlevi ampiga mfadhili. Hapana." Akanywa chai. "Aliyoniambia hapa, kwamba mke wangu anapeta na wanaongea, nataka ayarudie. Ukumbini, mbele ya wakubwa wake. Sitaki zaidi."

"Na ukishapata?"

"Namshusha dada yako ukutani."

Shemeji akaifunga chupa ya chai. Kisha akasema, chini chini, "Kile kibao cha zipu, shemeji, nani alikipigilia mlangoni?"

Fundi akaitoa nyundo kwenye kopo.

"Naulizia tu."

"Nyundo hii hii," fundi akasema. "Dada yako alinishikia misumari. Nilimuuliza, una hakika? Akasema, mtaalamu amesoma, mimi na wewe tumesoma nini? Nikapiga." Akarudisha kikombe. "Ndiyo maana nataka yeye aanguke kwanza. Zamu yangu ninaijua."

*

Jumatano alfajiri alisogeza kibanda. Kina magurudumu mawili ya baiskeli, kazi si kubwa. Akavuka nacho barabara, akakiegesha hatua kumi kutoka mlango wa ukumbi, jirani na meza ya shemeji. Kwenye kipande cha boksi akaandika herufi nne, kubwa, zimeinama kidogo: BURE. Akapanga kiwi nyeusi, kiwi kahawia, brashi, kitambaa laini.

Mlinzi akaja na rungu lake. "Mzee, hapa hairuhusiwi."

"Weka mguu."

"Nini?"

"Weka mguu hapa, kaka. Ni bure."

Buti la mlinzi lilikuwa halijaonja kiwi tangu aajiriwe. Fundi alipolimaliza, mlinzi aliweza kuona meno yake ndani yake. Hakurudi tena na habari za kuruhusiwa.

Saa nne watu wakatoka kunywa chai. Wa kwanza kukaa kwenye benchi alikuwa msusi mmoja, dada mwenye vidole virefu, kabeba daftari limejaa maneno ya Mtaalamu.

"Bure kweli, baba?"

"Kweli. Nakuomba masikio tu mpaka viatu viishe."

Akamsimulia. Kiatu cha kulia kilikuwa mikoba na zipu na muuza mayai anashuka ngazi. Cha kushoto kilikuwa watu kumi na wanne. Hakulia, hakutia chumvi. Brashi ilikwenda na kurudi, neno likaenda na brashi. Kile kibao alikitaja, mkono uliokipigilia hakuutaja. Msusi akawa anamtazama yeye, kisha anatazama bango, kisha kile kiwiko cha bluu, kisha shati la fundi. Lilikuwa lilelile.

"Mungu wangu," akasema. "Na humo ndani anatuambia—"

"Najua anachowaambia. Usimwambie kitu. Ijumaa, muda wa maswali, muulize tu: yule mama yuko wapi sasa? Muulize kwa adabu."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, mwanangu. Na ukipata mtu wa kuaminika, mwambie aje apige kiwi."

Siku hiyo alipiga kiwi jozi thelathini na moja. Alhamisi akapoteza hesabu. Mikono ilikuwa myeusi mpaka viwikoni na sauti ilikauka, shemeji akawa anamletea maji ya moto. Walikuja wenyewe, wawili wawili, wengine na raba ambazo hazipigwi kiwi kabisa. "Nimekuja kwa kile kisa, mzee." Mpiga picha mmoja alikaa na ndala. Fundi akazifuta ndala, akamsimulia. Kila alipomaliza mmoja, ushauri wa Mtaalamu ulimjia kichwani, na kila mara uliuma zaidi, kwa sababu ulikuwa wa kweli. Kaa wanapopita. Toa cha bure. Uza kisa. Rudia. Mtu anayejua haya yote alishindwa nini kupokea simu ya mama mmoja?

Ofisa alipita mara mbili akaiona foleni. Mara ya pili alisimama.

"Naona ujasiriamali umekuingia, mzee. Safi sana. Hii tutaiweka kwenye ripoti."

"Iwekeni," fundi akasema. "Weka mguu, Bwana Ofisa."

"Nina haraka."

"Najua. Robo ya mwaka."

*

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wakubwa watatu walikaa mbele kwenye viti vyenye vitambaa, Ofisa ubavuni mwao na rundo la vyeti. Fundi aliingia na maji ya chai ya shemeji, akambebea ndoo ili apate sababu, kisha akasimama ukutani nyuma kabisa. Kutoka pale aliona migongo ya watu na, chini ya viti, viatu. Havijawahi kuonekana viatu safi vile kwenye mkutano wa watu wa kawaida.

Mtaalamu alihitimisha vizuri, lazima isemwe. Akawapandisha, akawashusha, akawachekesha. Kisha akafungua mikono. "Maswali mawili matatu, kabla mgeni rasmi hajatupa neno."

Msusi akasimama. Daftari kalikumbatia.

"Mtaalamu, tunakushukuru. Yule mama wa kwenye bango ametugusa sana. Tunaomba kujua, yuko wapi sasa hivi? Tungependa kumtembelea."

Ukumbi ukatulia. Mtaalamu akauona utulivu huo akadhani ni heshima.

"Swali zuri. Yule mama, jamani, huwezi kumtembelea kirahisi siku hizi." Akacheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye. "Biashara imekua. Hivi tunavyoongea yuko safarini anatafuta vitambaa. Nimeongea naye kwa simu juzi juzi tu."

Mpiga picha mwenye ndala akasimama upande wa pili. "Juzi lini, Mtaalamu?"

"Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Hii hii. Na nilimwambia nina semina hapa. Akaniambia," akaweka mkono kifuani, "niwasalimie sana. Anawasalimu."

Fundi hakuwa ametegemea zawadi kubwa namna ile. Alitaka uongo mmoja, kapewa uongo na salamu juu yake. Ukumbi mzima ulikuwa haupumui. Kichwa kimoja kikageuka nyuma, kikafuata kingine, mpaka nyuso zote zikawa zinamtazama yeye, na Mtaalamu akabaki anaongea na visogo.

Fundi akaiweka ndoo chini.

"Ana sauti gani siku hizi?" akauliza.

Mtaalamu akakunja uso. "Samahani, mzee?"

"Mke wangu. Mimi sauti yake sijaisikia mwaka wa pili huu, tangu tulipomfukia. Nipe namba uliyompigia Jumatatu, mwanangu. Na mimi nimpigie."

Kipaza sauti cha shavuni kilikuwa bado kimewashwa. Ukumbi mzima ukamsikia Mtaalamu akimeza mate.

"Huyu mzee... nadhani kuna... labda tumechanganya mama," akasema. "Nina wanafunzi wengi."

"Hujachanganya. Kiwiko hicho pembeni ni changu. Uliniambia nisogee."

Mgeni rasmi akamwinamia Ofisa. "Kwani huyo mama amekufa?" Alinong'ona, lakini kimya cha pale hakikuficha mnong'ono.

"Jibu, Bwana Ofisa," fundi akasema. "Nilikuja mezani kwako Jumatatu. Siku ileile ambayo mwenzako alikuwa anaongea naye."

Ofisa akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. "Suala hilo, mheshimiwa, lipo kwenye... tulimwomba mzee alete barua."

Kuna mtu alicheka, mara moja, kicheko kikavu. Msusi akafungua daftari, akachana kurasa zake, tatu, nne, tano, akaziacha juu ya kiti. Akatoka. Nyuma yake wakaanza kunyanyuka, mstari kwa mstari, bila kelele, kila mmoja akapita mbele ya meza ya vyeti na hakuna aliyechukua. Sakafuni vikasikika viatu tu. Mtaalamu akasema "Jamani, subirini, kuna neno la mgeni rasmi," akalisema mara tatu, lakini alilisema peke yake, na kwa hesabu yake mwenyewe pasipo watu saba ni upepo.

Nje, ngazi ya kazini ilikuwa bado imelazwa kando ya ukuta. Mlinzi ndiye aliyeisimamisha. Yeye huyo, na mabuti yake yanayong'aa, ndiye aliyeishika pia, fundi alipopanda na kisu chake cha ngozi. Akaanzia begani kwa mkewe, akafuata mstari wa mkono, akazunguka kichwa kwa uangalifu asiguse hata unywele, akashuka upande wa pili. Akahakikisha kiwiko kimekuja naye. Akamviringisha kama mtoto kwenye khanga, akashuka naye kwapani.

Mtaalamu alipitia mlango wa nyuma. Gari liliondoka kabla mgeni rasmi hajapata lake.

*

Bango liko pale hadi leo. Kulipandisha kulihitaji ngazi. Kulishusha kunahitaji barua, nakala tatu, na kikao hakijakaa. Mtaalamu anacheka peke yake, na ubavuni mwake pana tundu lenye umbo la mwanamke. Upepo ukipita, pembe za tundu zinampiga usoni, pa, pa, pa, mchana kutwa. Fundi amerudi upande wake wa barabara. Benchi halina nafasi. Watu wa semina wanaleta viatu, wanaleta na jirani zao, na yeye hapendi kufikiria ni ushauri wa nani uliomjazia benchi.

Siku moja muuza mayai alisimama mbele ya kibanda, trei kichwani. Akalitazama tundu la ukutani kwa muda.

"Sikuambiwa kama amekufa," akasema. "Nilisikia baadaye."

"Ungekuja kuzika?"

Akafikiri. "Nisingekuja. Nilikuwa na hasira naye."

Fundi akapenda jibu lile. Tangu mkewe afariki, huyo alikuwa wa kwanza kumjibu bila kumpaka mafuta.

"Kile kibao nilipigilia mimi," akamwambia.

Muuza mayai akateremsha trei, akatoa mfuko wa ngozi wenye zipu iliyong'oka meno, akauweka juu ya meza. "Basi ing'oe uweke mpya," akasema. "Na usinicheleweshe." Akakaa kwenye benchi, akaanza kumsimulia habari za mkwe wake.

Rafuni, juu ya viatu vya watu wengine, kuna jozi moja ya kahawia. Imeshonwa kwa uzi maradufu, soli haitafunguka tena miaka kumi. Fundi hakuiharibu, kiatu hakikumkosea. Tena alitaka mwenye kiatu akiondoka nacho asipate kisingizio kwamba alijikwaa. Desturi ya kazi hii ni kwamba kiatu kisichofuatwa miezi mitatu kinauzwa, na shemeji kila akileta chai anauliza.

"Viatu vile si vya kuuza tu, shemeji? Miezi sita hii."

"Siuzi."

"Unadhani atakuja?"

Kila Ijumaa fundi anaviteremsha, anavipiga kiwi, anavirudisha rafuni, ncha zikielekea barabarani. Nyundo iko kwenye kopo lake.

"Nilimwambia atavikuta," anasema. "Mimi nipo."